Darwin na mashairi wapi na wapi? Barua zenu kuhusu yule profesa wa tausi

Mwezi jana niliandika hapa mistari michache tu kumhusu Denis Dutton, yule profesa wa falsafa aliyemfuata Darwin, mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, akawa akisema binadamu amezaliwa na sanaa ndani yake kama vile alivyozaliwa na lugha, na kwamba mashairi yetu ni kama mkia wa tausi, nikadhani yameisha. Kumbe. Wasap ya jarida haikulala wiki mbili, na wengine bado mwaandika kwa karatasi na bahasha, Mungu awaweke. Nimechagua sita, nyengine zafanana nazo. Majina nimeficha kama kawaida yetu.

Salaam aleikum Mwalimu. Binti yangu yuko gredi ya tisa na sasa watakiwa wachague njia ya senia skuli, STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) ama sayansi za jamii ama sanaa na michezo. Bayolojia ndo roho yake lakini usiku hulala na daftari la mashairi chini ya mto. Babake amesema achague STEM yaishe, mashairi atayakuta akistaafu. Sasa ametuletea hiyo makala yako, ati kuna profesa alifanya vyote viwili. Nauliza tu, huyo mtu alikuwa nani hasa na alikula nini? Manake falsafa haipiki wali. — Mama wa Kisauni

Wa alaykum salaam mamangu. Hilo la wali nimecheka peke yangu, lakini swali ni la haki kabisa na jibu ni kwamba alikula vizuri, mshahara wa chuo kikuu zaidi ya miaka thelathini. Lakini tusikimbilie hapo.

Dutton alizaliwa 1944 Los Angeles, Marekani, kwa watu wa vitabu, familia yao ilikuwa na maduka ya vitabu mjini humo. Akasoma falsafa chuo kikuu cha California kule Santa Barbara. Kabla hajamaliza masomo ya juu akaenda India na Peace Corps, wale vijana wa kujitolea wa Kimarekani, ambao hata huku kwetu wazee wengi wawakumbuka wakifundisha hesabu na fizikia kwenye skuli za mashambani. Huko India akajifunza kupiga sitar, chombo cha nyuzi cha Kihindi. Na hii sitar usiione kitu cha pembeni, manake wakati ule lekchara wengi wa Marekani walikuwa wakisema kila utamaduni una sanaa yake iliyofungwa na kufuli, mgeni hawezi kuielewa, sasa huyu kijana amekaa chini na chombo cha watu wengine kabisa na kinamwingia damuni. Aliposhika kalamu miaka mingi baadaye alirudi pale pale.

Alipata udaktari wa falsafa 1975, akaajiriwa chuo kikuu cha Michigan tawi la Dearborn, na mwaka uliofuata, 1976, akaanzisha jarida la kitaaluma linaitwa Philosophy and Literature. Hebu fikiria mamangu, mtu ndo kwanza anaingia kazini, hajakaa kitini sawasawa, ashafungua uwanja wa watu wa falsafa na watu wa fasihi kukaa pamoja. Jarida lile lipo mpaka leo. 1984 akahamia New Zealand, chuo kikuu cha Canterbury mjini Christchurch, akakaa huko mpaka alipofariki kwa saratani tarehe 28 Desemba 2010.

Sasa kilichomfanya ajulikane na watu wasiokuwa wa chuoni ni vitu viwili. Kwanza saiti yake, Arts & Letters Daily, aliyoianzisha 1998 wakati intaneti bado yapiga kelele kwenye laini ya simu kabla haijashika. Kila siku aliweka viungo vichache vya makala nzuri kutoka magazeti ya dunia nzima, kila kimoja na sentensi mbili tatu za kukutamanisha, na ukurasa wenyewe ukaupanga kwa safu kama gazeti la karne ya 18. Hapakuwa na picha za kukurupuka wala nini. Watu wakaja kwa maelfu. 2002 ikanunuliwa na Chronicle of Higher Education, gazeti la Marekani la mambo ya vyuo vikuu, yeye akabaki mhariri. Pili ni kitabu chake The Art Instinct, yaani silika ya sanaa, kilichotoka 2009. Huyo mtu ana miaka sitini na kitu ndo anatoa kitabu kilichomtangaza, na mwaka wa pili yake amekufa.

Lakini nisikudanganye na binti yako asidanganyike. Dutton hakuwa mtu wa bayolojia. Hakukaa maabara, digrii zake ni za falsafa, bayolojia aliisoma mwenyewe ukubwani kama mtu anayejifunza kuogelea akiwa na mvi, na wako wenye fani yao waliomlaumu kwamba apika kwa viungo vya jirani. Kwa hivo ukiniuliza miye, binti aende STEM kama bayolojia ndo roho yake, kwa sababu darubini na maabara hutazipata nyumbani lakini shairi lahitaji kalamu na masikio. Muyaka bin Haji alikuwa mfanyabiashara hapa hapa Mvita, mashairi hayakumzuia kuuza. Mwambie tu babake daftari asilitie mkono. Mtoto anayelala na daftari chini ya mto si mtoto wa kuambiwa angoje kustaafu.

Mwalimu mambo. Niko mwaka wa pili chuoni, lekchara wetu atupa noti za nadharia ya fasihi nasoma ukurasa mara nne sielewi hata koma. Rafiki yangu aniambia huyo Dutton alikuwa na mashindano ya kuandika vibaya. Ni kweli ama ni stori za hosteli? — Nimechoka, Tudor

Poa. Ni kweli kabisa. Kutoka 1995 hadi 1998 jarida lake liliendesha mashindano ya mwandiko mbaya, na sharti lilikuwa sentensi itoke kwenye kitabu ama jarida halisi la kitaaluma, mzaha wa kujitungia haukuruhusiwa. 1998 aliyepewa nafasi ya kwanza ni Judith Butler, mwanafalsafa mkubwa wa Marekani, kwa sentensi moja yenye maneno zaidi ya 90. Magazeti yakaichangamkia. Mwaka uliofuata Butler akajibu kwenye New York Times, akasema kwa ufupi kwamba lugha rahisi mara nyengine hubeba mambo tuliyoyazoea bila kuyapima, ukitaka kuyatikisa huna budi kuitikisa lugha yenyewe.

Nimewahi kucheka na mashindano yale, halafu nikaona haya kidogo. Kumng'oa mtu sentensi moja katikati ya kitabu na kuitundika mlangoni kama ngozi ya chui si uungwana, mtu yeyote hata mimi waweza kunifanyia hivo leo jioni. Ila hoja yake nilikuwa naiamini na bado: ukitaka watu wa sayansi wasome unachosema kuhusu fasihi, sema kitu ambacho mtu aweza kukipinga. Sentensi isiyoeleweka haipingiki. Noti za lekchara wako sijaziona, kwa hivo sina hukumu, lakini mara ya kwanza ukikutana naye muombe akupe mfano mmoja. Mmoja tu. Akiutoa, noti zitafunguka. Asipoutoa, hapo wajua shida si kichwa chako.

Mwalimu, mie ni seremala, nachonga milango ya nakshi, baba alichonga na babu alichonga. Siku hizi kuna mashini za kompyuta, mtu atia mchoro, mashini yachonga jani zima la mlango siku moja, mie nikijitahidi sana ni wiki sita. Mteja aja kwangu apiga picha, aenda kwa mwenye mashini, arudi aniambia fundi mbona sawa tu. Sasa huyo profesa wako asema uzuri uko kwenye damu. Kama ni damu, mbona macho ya mteja hayaoni? — Fundi, Mji wa Kale

Fundi wangu, barua yako nimeikalia siku tatu. Na katika yote aliyoyaandika Dutton, hili lako ndilo naona alilijibu vizuri zaidi, kabla hata hajaingia mambo ya Darwin.

Miaka ya sabini alikuwa akihangaika na swali la sanaa bandia. Mchoraji wa Kiholanzi, Han van Meegeren, alichora picha miaka ya thelathini akasema ni za Vermeer, mchoraji wa karne ya 17, na wajuzi wakazisifu mpaka jumba la makumbusho la Rotterdam likanunua moja. Ilipojulikana ni zake, picha ile ile, rangi zile zile, ikawa takataka. Wengine wakasema huu ni unafiki, kama ilikuwa nzuri jana mbona leo si nzuri? Dutton akasema hapana. Kazi ya sanaa si kile kitu peke yake kilichokaa mbele yako, ni tendo, ni mtu fulani aliyeweza jambo fulani kwa mkono wake na kwa wakati wake. Ukidanganywa kuhusu tendo umedanganywa kuhusu kazi.

Halafu 2007 likatokea la Joyce Hatto. Huyu alikuwa mpiga piano Mwingereza, mgonjwa, hapandi jukwaani, na mumewe akawa atoa sidii baada ya sidii, zaidi ya mia, ati ni mkewe amezirekodi. Wasikilizaji wakapagawa, mama mzee na maradhi yake apiga kila kitu kama malaika. Siku moja mtu akatia sidii moja kwenye kompyuta, kompyuta ikasema hii ni ya mpiga piano mwengine kabisa. Kumbe nyingi ni za kuiba. Dutton akaandika gazetini kuhusu kisa hiki na hoja ikawa ile ile: tulikuwa twasikiliza mtu akiweza, tukagundua hakuna aliyeweza.

Kwa hivo mteja wako macho anayo. Alichokosa ni kujua anachokiona. Juzi baada ya barua yako nilipita pale ndani ndani Mji wa Kale nikasimama mbele ya mlango mmoja wa zamani, nikatazama fremu, ule mnyororo uliochongwa kuzunguka juu. Nikahesabu pete moja moja. Upande wa kushoto, karibu na kizingiti, pete mbili zimebanana na ya tatu imenyooshwa kidogo ili mnyororo ufike kwenye kona sawasawa. Hapo ndo nilimwona fundi. Alipiga hesabu, akaona nafasi yambakia, akala njama na mbao. Mashini haibakiwi na nafasi.

Sasa biashara. Siwezi kukwambia upambane na bei ya mashini, utafunga duka. Nakwambia mlete mteja kwenye karakana kabla hujamtajia bei, mkalishe kwenye kile kigoda, chonga waridi moja mbele yake. Dutton aliandika kitu kama dazeni ya alama zinazoonekana kwenye sanaa ya kila watu duniani, na mojawapo ni ustadi unaomfanya mtu atazame mkono wa mwenziwe akae kimya. Hilo hata asiyejua lolote kuhusu milango analo. Wateja wengine bado wataenda kwa mashini, na hilo tuwe wakweli.

Mwalimu, kwa heshima zote, mimi nasoma fasihi na naona umetuuzia mbuzi kwenye gunia. Hii habari ya "uzuri ni wa binadamu wote" ni Mzungu kuchukua anachokipenda yeye na kusema ndo maumbile. Ni ukoloni uliovaa koti la maabara. — Msomaji, Changamwe

Heshima imefika. Na wasiwasi wako si wa kutupwa, kwa hivo twende polepole.

Kinyozi wangu pale Majengo ana kalenda ukutani ya miaka kumi nyuma. Karatasi za miezi zilishang'olewa zote, imebaki picha tu: mlima una theluji, ziwa buluu, nyasi kama zulia, mti mmoja mkubwa kando, na njia inayopinda ikapotelea nyuma ya kilima. Nyote mmeiona, kama si kwa kinyozi ni kwa fundi cherehani ama hoteli ya chai. Sasa 1993 wachoraji wawili wenye asili ya Urusi waliohamia Marekani, Komar na Melamid, waliiagiza kampuni ya kura za maoni iwaulize Wamarekani wapenda picha gani, wakaendelea nchi nyengine, Kenya ikiwemo. Karibu kila mahali jibu likaja lile lile: mandhari ya wazi, maji, miti, watu kidogo, wanyama, na buluu nyingi. Yaani kalenda ya kinyozi. Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Arthur Danto, akasema kama wewe tu: basi ni kalenda zenyewe zimesambaa dunia nzima zikafundisha watu kupenda hivo. Dutton akamrudishia swali: na waliotengeneza kalenda, kwa nini walichagua picha hizo na si nyengine?

Jibu lake yeye ni kwamba mababu wa binadamu wote walikulia kwenye mbuga za Afrika, na jicho lililopenda mahali penye maji, mti wa kupanda ukikimbizwa, na upeo wa kuona adui na kitoweo, jicho hilo ndo lililozaa watoto wengi. Kuna utafiti aliupenda sana, wa Balling na Falk, 1982, watoto wa Kimarekani wa miaka minane walionyeshwa picha za mandhari mbalimbali wakapendelea mbuga kuliko misitu, na hawajapata kukanyaga mbuga. Wakubwa zaidi walipenda na yale waliyoyazoea.

Mie nilimuuliza kinyozi mbona waitunza hiyo picha. Akasema bila kuzima mashini, "Hapo mtu aweza kukaa." Nikanyamaza. Dutton angempa digrii. Nikamuuliza na mbona usibandike ya Mtongwe ama ya pwani yetu, akanitazama kwenye kioo, "Hiyo si naiona bure?" Na hapo sasa Danto naye apata chake.

Mahali nakubaliana nawe ni hapa. Hiyo habari ya mbuga aliichukua kirahisi mno. Nenda kaunti ya Kilifi hapo, pango la Panga ya Saidi. 2021 wanasayansi walitangaza kaburi la mtoto hajafika miaka mitatu, amelazwa ubavu kwenye shimo alilochimbiwa, miaka 78,000 iliyopita, wakampa jina Mtoto, hivo hivo kwa Kiswahili. Humo pangoni kulipatikana na ushanga wa kombe wa zaidi ya miaka 60,000. Na watu wale hawakuwa kwenye mbuga ya kwenye kalenda, walikuwa kando ya msitu wa pwani, msitu na nyasi vimepakana, maelfu kwa maelfu ya miaka. Dutton alikufa kabla kaburi lile halijatangazwa. Ningependa kujua angesema nini, lakini ndo hivo.

La ukoloni sikupi. Kwa sababu yeye alipotaka kujua kama jicho lake la Kimarekani lafaa kitu, alikwenda Papua New Guinea, mto Sepik, akakaa kijijini na wachongaji, akawauliza wao: kipi kizuri, kipi kibovu, nani fundi na nani mbabaishaji. Akakuta kile wachongaji wenyewe walichokisifu na kile alichokipenda yeye vyakaribiana sana. Waweza kusema ni mtu mmoja na kijiji kimoja, na utakuwa sawa, hiyo si takwimu. Lakini mkoloni hakuwa akimuuliza mchongaji nani mwenzio unamhusudu. Alikuwa akichukua kinyago akaenda nacho, akaandika lebo "kabila fulani" bila jina la mtu. Na ule upande wa pili wa kusema sanaa yetu haieleweki na yeyote asiyekuwa sisi, msomaji wangu, huo nao wakoloni waliupenda sana.

Mwalimu, je si makosa kumpa mtoto wa Kiislamu habari za Darwin kwenye jarida la nyumbani? — Baba wa watoto, Bondeni

Ndugu yangu, mimi si shehe na fatwa sitoi, hilo mpelekee maalim wako. Nisemalo ni dogo: mageuko ya viumbe yafundishwa kwenye somo la bayolojia skulini na mtoto wako ataulizwa kwenye mtihani utake usitake, afadhali asikie na nyumbani akuulize wewe. Kuhusu Dutton, alikuwa mtu wa kushuku kila kitu, hata New Zealand alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuwapinga waganga wa uongo na watabiri wa nyota. Hapo kwa watabiri nadhani mwaweza kunywa chai pamoja.

Shikamoo Mwalimu. Usimwambie mama kama nimeandika. Nimesoma makala yako mara mbili na sikuelewa pale kwa tausi, mkia na mashairi vyahusiana vipi. Nimejaribu kuandika ubeti, naomba uniangalilie. — Gredi ya tisa, Kisauni

> Tausi nakuuliza, manyoya hayo ya nini?
> Mbio yanakupunguza, wakamatwa majanini,
> Jike ukimpendeza, huyo chui humwoni,
> Uzuri unakuponza, ama wakupa thamani?

Marahaba mwanangu. Mama simwambii, ila yeye ndiye anayenunua jarida, kwa hivo hapo utajitetea mwenyewe.

Swali lako la mstari wa kwanza Darwin alikuwa nalo. 1860, mwaka mmoja baada ya kile kitabu chake kikubwa, alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba kila akiona unyoya wa mkia wa tausi aumwa. Kwa nini? Kwa sababu nadharia yake ilisema kiumbe hubaki na kile kimsaidiacho kuishi, na mkia ule wasaidia nini? Wamuita chui. Ilimchukua mpaka 1871 kutoa kitabu chenye jibu kamili, nalo umeshaliweka kwenye mstari wako wa tatu: jike huchagua. Dume aliye dhaifu hawezi kubeba mzigo ule na bado akaishi, kwa hivo mkia ni kama risiti, wasema nina nguvu za kuchezea. Hili la risiti lilikuja kuongezwa na wengine baada yake.

Dutton akachukua hapo akaleta kwa binadamu. Mtu waweza kununua samaki, kulea watoto na kugombana na jirani kwa maneno elfu mbili tatu, mbona twajua makumi ya maelfu? Akasema mashairi na hadithi na nakshi ni mikia yetu. Akataja na yale mashoka ya mawe ya kale, ya umbo la tone la maji, ambayo mengine hayana dalili ya kutumika. Kenya tuko nayo, Olorgesailie, njia ya Magadi. Nilipelekwa na wanafunzi wangu zamani, wapita juu ya daraja la mbao na chini yametapakaa kama mihogo Kongowea siku ya soko, mamia, nusu milioni ya miaka na zaidi. Moja lilikuwa karibu na nguzo, pande zote mbili zalingana kama viganja vya mkono. Sikuwa na hamu ya kukata nyama. Nilikuwa na hamu ya kulishika. Wako wataalamu wasemao hayo mashoka yalipata umbo lile kwa kunolewa tena na tena, hakuna mapenzi hapo, na ubishi bado upo.

Ila mimi nina langu, na nilitie kwenye daftari lako ulifikirie. Bibi zetu hapa Mombasa walicheza lelemama, ile ngoma ya wanawake, vyama kwa vyama, mavazi sare, mashairi ya kuchomana, wanawake kwa wanawake. Mkia ule alikuwa akionyeshwa nani? Mama aimbaye mtoto alale usiku wa manane amtafuta mume gani? Dutton hili la mama na mtoto alijua wengine wamelisema, lakini moyo wake ulikuwa kwa tausi.

Sasa ubeti. Vina vya kati na vya mwisho umevishika vizuri, na "risiti" yangu hapo juu ni mbaya kuliko "thamani" yako. Lakini hesabu kwa vidole kipande cha pili cha mstari wa tatu. Hu-yo-chu-i-hu-mwo-ni. Mizani saba. Rekebisha, na usiniletee "huyo chui hamuoni" ukadhani nimelala, mtazamaji ni tausi, wewe wazungumza naye.